Msafara Uliouzwa kwa Dola 25

Iko lahani moja ya jazi ambayo mtu wa pwani akiisikia kwa mara ya kwanza huinua kichwa. Hajui nani aipigaye, wala jina lake halijui. Anachojua ni kwamba sauti ile si ngeni masikioni mwake. Ameisikia kwenye udi na kanuni, ameisikia kwenye santuri za Misri zilizokuwa zikipigwa barazani zama za wazee wetu, na sasa anaisikia ikitoka katika matarumbeta ya Wamarekani weusi. Akiuliza yaitwaje, ataambiwa ni "Caravan", yaani Msafara. Akiuliza ni ya nani, wengi watamjibu bila kufikiri: ni ya Duke Ellington.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonitia hamu ya kushika kalamu. Mtu aliyeileta lahani ile mbele ya Ellington hakuwa Mwarabu, na wala hakuwa Mmarekani mweusi. Alikuwa mtu wa kisiwani, mpigaji tromboni mpole wa sauti na mkali wa saa, aitwaye Juan Tizol. Aliiuza kwa dola 25 za Kimarekani.

Tizol alizaliwa tarehe 22 Januari 1900 katika mji wa Vega Baja, kisiwani Puerto Rico, huko katika bahari ya Karibi. Kisiwa hicho kilikuwa mikononi mwa Wahispania kwa karne nne, na miaka miwili tu kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1898, Wamarekani wakakitwaa kwa vita. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba inayosema Kihispania chini ya bendera ya watu wanaosema Kiingereza. Sisi tuliozaliwa na kukuta bendera ya wenyewe ikipepea juu ya Ngome ya Yesu twaelewa mambo hayo bila ya kufunuliwa kitabu.

Alianza na fidla, kisha akaiacha akashika tromboni. Si ile tromboni ya kuvuta na kusukuma ambayo wengi wetu tumeiona kwenye magwaride, bali ile ya vali, yenye vidude vya kubonyeza kwa vidole kama tarumbeta. Sauti yake ni nyofu zaidi, haitelezi ovyo. Mlezi wake katika fani alikuwa amu yake, Manuel Tizol, aliyeongoza bendi ya manispaa na okestra kubwa mjini San Juan. Chini ya mkono wa amu huyo kijana alipiga muziki wa opera, wa dansi, na wa kila namna, na juu ya yote alifundishwa kusoma nota kama mtu asomavyo barua kutoka nyumbani.

Hilo la kusoma nota si dogo. Wapuertoriko wa zama zile walisifika kwalo hata ng'ambo. Mwaka 1917 kiongozi wa bendi James Reese Europe wa New York alifunga safari mpaka San Juan kutafuta wapigaji wa bendi ya kikosi cha askari weusi waliokuwa wakienda vitani Ufaransa, akarudi na zaidi ya kumi. Mwaka huo huo watu wa Puerto Rico walipewa uraia wa Marekani. Njia ikawa imefunguka.

Tizol alivuka mwaka 1920, pamoja na bendi iliyokuwa ikienda kutafuta kazi Washington. Husimuliwa kwamba yeye na wenzake walizamia meli, na jambo la kuzamia vijana wa Kilindini hawahitaji kuelezwa. Kule wakapata kazi katika ukumbi wa Howard Theatre, wakipigia wasanii wapitao na senema za enzi ile zisizokuwa na sauti. Washington ndio mji aliozaliwa Ellington, na hapo Howard ndipo wawili hawa walipoonana mara ya kwanza. Lakini ilipita miaka kabla ya kuitana. Ellington alikwenda New York akapata jina, na mwaka 1929 Tizol akaingia katika bendi yake.

Alikutana na nini humo? Bendi ya watu waliojaliwa vipaji vya ajabu, kila mmoja na sauti yake, na wengi wao wakiongozwa na sikio kuliko karatasi. Tizol alikuwa kinyume chao. Hakuwa mtu wa kubuni papo hapo. Alipewa lahani ailete safi, nota kwa nota, na aliileta. Ellington akaona faida nyingine: akamfanya mnakili wake. Duke akishatunga usiku, karatasi zilikuwa za Tizol kuzigawa, kila mpigaji apate sehemu yake imeandikwa vizuri. Kwa hiyo kwa miaka mingi muziki wa Ellington, kabla haujapita katika masikio ya ulimwengu, ulipita kwanza katika kalamu ya Mpuertoriko huyu. Wenzake wamemtaja kuwa mtu anayefika kabla ya saa, asiyependa mchezo kazini, ingawa alikuwa mtani wa hatari: ndiye aliyewatilia wenziwe unga wa kuwasha nguoni.

Nisimpite Tizol bila ya kueleza kisa cha rangi yake, maana bila hicho maisha yake hayaeleweki. Alikuwa mweupe wa ngozi. Mwaka 1930 bendi ilikwenda Hollywood kushiriki katika filamu iitwayo "Check and Double Check". Wenye filamu wakaogopa: watazamaji wa Kizungu wakimwona Tizol, na pia mpiga klarineti Barney Bigard wa New Orleans, watadhani weusi na weupe wamekaa bendi moja, jambo lililokuwa mwiko. Basi wawili hao wakapakwa rangi nyeusi usoni ndipo wakapigwa picha. Miaka kumi na minne baadaye, mtu huyo huyo alikuwa akipiga katika bendi ya Wazungu bila kupakwa chochote. Nitafika huko.

Sasa tuje kwenye lahani yenyewe. "Caravan" ilirekodiwa mara ya kwanza Hollywood, Desemba 1936, na kundi dogo la watu saba waliochotwa ndani ya bendi kubwa. Sahani ilitoka kwa jina la Barney Bigard na kundi lake la Jazzopators, wala si kwa jina la Ellington, ingawa Ellington mwenyewe alikuwa kwenye piano. Cootie Williams alishika tarumbeta, Harry Carney saksafoni nzito, Billy Taylor besi, Sonny Greer ngoma, na Tizol tromboni. Mwaka uliofuata, 1937, bendi nzima ikairekodi, na tangu hapo haikuachwa tena.

Ilitoka wapi? Kuna masimulizi mawili, nayo hayapatani sana.

La kwanza ni la Ellington. Yeye alieleza kwamba siku moja Tizol alisimama akapiga kitu kwa uhuru, bila kufuata mwendo wa ngoma, vipimo kama kumi tu vya mwanzo. Ellington na wenziwe wakavichukua, wakavitia mwendo, wakamalizia yaliyobaki. Kwa simulizi hili Tizol alileta mbegu, na shamba ni la bendi.

La pili linatupeleka Puerto Rico, kwenye masomo yake ya utotoni. Karatasi za nota zilikuwa adimu. Husemwa kwamba mwalimu, wanafunzi wakishaumudu ukurasa, aliwaambia waupindue juu chini na kuupiga hivyo hivyo, ili wasiwe wanapiga kwa kukariri. Juu ikawa chini, mwisho ukawa mwanzo. Na katika zoezi moja la namna hiyo, yasemwa, ndimo ilimozaliwa lahani ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la "Caravan".

Msomaji aliyepita chuoni asicheke haraka. Mimi nilisoma juzuu moja na watoto wengine wawili. Mmoja alikaa mbele ya kitabu, mmoja ubavuni, na wa tatu upande wa pili, herufi zote zikimtazama kwa miguu. Huyo wa tatu alikuwa mimi. Mwalimu hakujali, alitaka sauti itoke sawa. Mpaka leo naweza kusoma maandishi yaliyopinduka kwa kasi inayowashangaza wajukuu zangu. Kwa hivyo kwamba watoto wa Puerto Rico walipindua karatasi, naamini. Kwamba lahani ile yote ilidondoka kutoka humo kama embe bivu, hapo nasita. Zoezi hutoa vifungu vya ajabu, lakini ni lazima awepo mwenye sikio la kujua kifungu kipi kina roho. Nionavyo mimi, masimulizi haya mawili yaweza kukaa chumba kimoja: mwanafunzi aliyetunza kifungu tangu utotoni ndiye aliyesimama siku moja mbele ya Duke akakipiga bila ngoma.

Na je, ule unasaba wake na muziki wetu? Hapa nitaomba ruhusa ya wale wasiopenda hesabu. Lahani ina sehemu nne, kila moja vipimo 16, jumla 64. Katika sehemu ya kwanza, vipimo kumi na viwili hukaa juu ya msingi mmoja ulioning'inia, usiotaka kutua. Ndani ya msingi huo, sauti ya kwanza na ya pili zimekaribiana mno, nusu hatua tu, kisha kutoka ya pili mpaka ya tatu kuna pengo pana. Mwenye kujua maqamu ataitambua mara moja: huo ndio mwenendo wa Hijazi. Vipimo vinne vya mwisho ndipo vinapotua kwa huzuni, na msikilizaji akapumua. Sehemu hiyo hurudiwa. Sehemu ya tatu jangwa hutoweka kabisa. Mwendo unakuwa wa Kimarekani mtupu, wa furaha, wa ukumbi wa dansi. Kisha msafara hurudi.

Hispania, iliyoitawala Puerto Rico, yenyewe ilikaa na Waislamu kwa karibu miaka mia nane mpaka ilipoanguka Granada mwaka 1492, na mwenendo huo wa sauti ungalimo katika magitaa ya Andalusia hadi leo. Sisemi kwamba Tizol aliuchukua huko kwa makusudi. Nasema kwamba mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kihispania hakuhitaji kwenda Hijazi kuipata Hijazi.

Jina ni habari nyingine. "Caravan" asili yake ni Kifursi, karwan, kundi la wasafiri wanaokwenda pamoja kwa usalama. Wazungu walilichukua Mashariki, na Waingereza wakalikata kichwa likabaki mkia: ile vani inayotuletea mkate dukani ni kipande cha neno hilo. Sisi tulichukua safari kwa Waarabu tukafanya msafara. Lakini msafara wa pwani hii haukuwa na ngamia. Ulikuwa wapagazi, watu kwa miguu, kutoka Bagamoyo na Pangani mpaka Tabora na Ujiji, na vitambaa na pembe mabegani, na haifichiki, watumwa pia. Jangwa la "Caravan" si la watu wa namna hiyo.

Ni jangwa la senema. Mwaka 1921 filamu ya "The Sheik", aliyoichezea Rudolph Valentino, iliwatia Wamarekani wazimu, na mwaka huo huo ukatoka wimbo wa "The Sheik of Araby", ambao bendi ya Ellington iliurekodi mwaka 1932. Mwaka 1922 likafunguliwa kaburi la Tutankhamun huko Misri, na kila kitu, kuanzia mapambo ya wanawake mpaka kuta za kumbi za senema, kikavikwa mchanga na piramidi. Mwenye lahani yenye harufu ya Mashariki katika miaka hiyo hakuwa na haja ya kuhangaika kutafuta jina. Tizol aliufuata mkondo huo. Mwaka 1938 akaja na "Pyramid", na baadaye "Bakiff", jina lenye sura ya Kiarabu lakini ukilitafuta katika Kiarabu halikai. Maneno ya "Caravan" yaliongezwa na Irving Mills, mambo ya mapenzi usiku wa nyota jangwani, na sina la kuyaongezea.

Huyo Mills ndiye mnunuzi. Alikuwa meneja wa Ellington tangu mwaka 1926 mpaka 1939, na pia mchapishaji wa nyimbo, na jina lake limekaa kama mtunzi juu ya nyimbo nyingi ambazo hakuzitunga. Mtindo wa biashara wakati ule ulikuwa huo: mpigaji ana shida ya fedha leo, mchapishaji ana fedha leo, mpigaji anapewa kitu taslimu, haki zinabaki kwa mwenye ofisi. Tizol akapokea dola 25. Msafara uliomwokota Nabii Yusuf kisimani nao ulimuuza kwa dirhamu za kuhesabika, kwa kuwa hawakujua wameshika nini.

Wimbo ulipovuma, Tizol alidai, na Mills akakubali kumpa fungu katika mrabaha. Hilo tumhesabie. Jina lake nalo lilibaki katika hati pamoja na la Ellington na la Mills, kwa hiyo hakufutwa kama walivyofutwa wengine. Barney Bigard, ambaye kiini cha "Mood Indigo" kilipita mkononi mwake, alikaa miaka mingi kabla ya jina lake kuandikwa penye wimbo ule. Na juu ya Johnny Hodges, mpiga saksafoni, husimuliwa kwamba walipopiga wimbo uliotokana na kifungu chake, alimgeukia Ellington jukwaani na kusugua vidole kama anayehesabu noti.

Hata hivyo tusimdhulumu Ellington. Sikilizeni sahani ya 1937. Ule mwendo wa ngoma kama nyayo za wanyama waliochoka, zile tarumbeta zinazonguruma nyuma kama upepo, hayo si ya karatasi ya mwanafunzi wa Vega Baja. Ni mkono wa Duke. Alikuwa na tabia ya kuokota kijineno kwa huyu na kijineno kwa yule, na kuvifanya utenzi. Tabu yake ni kwamba utenzi una beti za mwisho ambamo mtunzi wa Kiswahili hutaja jina lake, baba yake na mji wake, hata mwizi ashindwe pa kuingilia. Lahani haina beti za namna hiyo. Ikishaondoka mdomoni mwa tromboni, ni ya yule ambaye jina lake ni kubwa zaidi kwenye bango.

Mwaka 1941 Tizol alitunga "Perdido", neno la Kihispania lenye maana ya aliyepotea, nayo ikarekodiwa 1942. Wapenda jazi wengi wanaijua kuliko hata wanavyojua kwamba ni yake.

Mwaka 1944 aliondoka. Mkewe, Rosebud, alikuwa Los Angeles, na bendi ya Ellington ilikuwa ya barabarani, leo mji huu kesho mji ule. Harry James, mpiga tarumbeta wa Kizungu mwenye bendi ya Wazungu, alikuwa na makao yake upande huo wa California, na Tizol akajiunga naye. Hapo ndipo sura ile iliyopakwa masizi mwaka 1930 ilipokaa kati ya sura nyeupe na hakuna aliyeona tatizo. Mwaka 1951, Ellington alipoishiwa na watu wake wakubwa, Tizol alirudi naye akaja na wawili kutoka kwa James: mpiga ngoma Louie Bellson na mpiga saksafoni Willie Smith. Mwaka 1953 kulitokea ugomvi mkali kati yake na Charles Mingus, kijana mpiga besi, na Mingus ndiye aliyeachishwa kazi; kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na kisu kimo katika hadithi hiyo. Kisha Tizol akarudi kwa James, na baadaye tena kwa Ellington kwa muda mfupi miaka ya 1960 na 1961, halafu akatundika tromboni yake Los Angeles.

Aliwahi kufika Ulaya na bendi, mwaka 1933 na tena 1939. Mashariki hakupelekwa. Serikali ya Marekani ilipoituma bendi ya Ellington kuzunguka nchi za Mashariki mwaka 1963, walianzia Damascus, wakapita Amman, Kabul, Bara Hindi na Baghdad, mpaka habari za kuuawa kwa Rais Kennedy zilipowakuta Uturuki na safari ikakatwa. Wapigaji waliokuwa wamepiga "Caravan" kwa zaidi ya robo karne wakaiona kwa macho nchi ya misafara. Aliyeileta "Caravan" alikuwa nyumbani California, amestaafu.

Ellington alifariki 1974. Rosebud alitangulia mbele ya mumewe kwa takriban miaka miwili, na Juan Tizol akafuata tarehe 23 Aprili 1984, katika mji wa Inglewood, akiwa na umri wa miaka 84. Lahani haikupumzika. Dizzy Gillespie alikuwa ameshaipiga, na Thelonious Monk, na Art Blakey aliyeipa jina lake sahani yake nzima ya mwaka 1962. Na mwaka huo huo Ellington mwenyewe akaipiga upya akiwa na watu wawili tu, mmoja wao akiwa Mingus yule yule. Mwaka 2014 ilitokea filamu ya Kimarekani, "Whiplash", juu ya kijana mpiga ngoma na mwalimu wake katili, na mwishoni kijana huyo, mikono ikimtoka damu, anaigeuza ngoma kuwa vita. Wimbo alioupiga ni huo. Vijana wangu nyumbani waliutazama, wakaniita nije nisikie muziki mpya wa Duke Ellington. Nikakaa, nikawaambia waanze mwanzo, na nikaanza kuwasimulia habari za kisiwa kimoja huko Karibi.